Chembe Nyekundu na Wimbi la Ukubwa Wake

Usiku mmoja, nikiwa na miezi michache tu kazini katika maabara ya hospitali moja ya pwani, nilipokea damu ya mtoto wa miaka minne, nikaizungusha kwenye mashine, nikapima potasiamu na kupeleka jibu la 6.8. Daktari alikuja mwenyewe mbio, kwa sababu potasiamu ya kiasi hicho inaweza kuusimamisha moyo. Hakuniuliza neno juu ya mashine. Alikichukua kichupa mkononi mwangu akakiinua kwenye taa. Sehemu ya juu, ambayo ilipaswa kuwa ya manjano hafifu, ilikuwa nyekundu kama sharbati ya rozela. "Hii imehemolaizi, ndugu yangu," alisema, yaani chembe zake nyekundu zilikuwa zimevunjika. "Hukuitazama?" Damu ilitolewa upya, polepole, na jibu la pili likawa 4.2. Mtoto hakuwa na tatizo la potasiamu hata kidogo. Kosa lilikuwa langu mimi niliyepima bila kutazama, na kabla yangu lilikuwa la aliyeivuta damu ile kwa sindano nyembamba, kisha akaisukuma kwa kidole gumba kupitia sindano ileile hadi ndani ya kichupa.

Ndani ya chembe nyekundu mna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo kwenye plazma, yale maji ya manjano yanayoizunguka, kwa hiyo chembe chache zikivunjika zinatosha kulipotosha jibu. Hilo nilifundishwa chuoni na nililijua. Nisilolijua, na ambalo liliniganda kichwani hadi nikarudi kusoma hesabu za maji yanayokwenda nikiwa mtu mzima mwenye familia, ni swali dogo sana: zilivunjikia wapi hasa? Ndani ya tundu la sindano, au pale damu ilipotoka kwa kasi na kugonga ukuta wa kichupa? Na je, mtu angeweza kukaa na karatasi na kutabiri, kabla ya kumchoma mtoto, ni chembe ngapi zitakazopotea?

Swali hilo si langu peke yangu. Wanaotengeneza vali za moyo, pampu za kusaidia moyo uliochoka na mashine za kusafisha damu wamekuwa wakilihangaikia tangu miaka ya 1960, kwa sababu kifaa kinachoivunja damu ndani ya mtu kinamwachia hemoglobini, ile protini nyekundu ya chembe, ikiwa huru kwenye mishipa, nayo huko huinyang'anya mishipa gesi ya naitriki oksaidi inayoifanya ilegee, huzichosha figo na kuugeuza mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Nina jamaa mwenye vali ya chuma, aliyeipata baada ya homa ya baridi yabisi kumharibia ile aliyozaliwa nayo, na ubavuni mwa vali hiyo pana upenyo mdogo ambao haukuziba. Tofauti ya shinikizo la milimita 100 za zebaki kati ya pande mbili za upenyo kama huo inaisukuma damu kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde hivi. Kila pigo la moyo ni sindano yangu ya usiku ule.

Nianze na chembe yenyewe. Ina upana wa maikromita 8 hivi na unene wa maikromita 2, imebonyea pande zote mbili, na haina kiini. Umbo hilo ndilo siri yake: ngozi yake ni kubwa kuliko inavyohitajika kufunika kilichomo ndani, kama kanzu pana kwa mtu mwembamba, na kwa hiyo inaweza kujikunja na kujinyoosha na kupita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, siku hadi siku, kwa muda wa siku 120 hivi. Kupinda hakuidhuru. Kinachoidhuru ni kutanuliwa ngozi. Baada ya ule ulegevu kwisha, ngozi hiyo haiongezeki eneo ila kwa asilimia chache tu. Zaidi ya hapo matundu yanafunguka na hemoglobini inavuja, au chembe nzima inapasuka.

Kinachoivuta ni mkazo ambao nitauita mkazo wa mburuzo, yaani ule unaotokea tabaka moja la maji linapokwenda kwa kasi kuliko tabaka lililo chini yake na kuliburuza. Katikati ya bomba hakuna mburuzo. Ukutani ndiko uliko mkubwa. Mwaka 1972 Leverett na wenzake walionyesha kwamba damu inayoburuzwa kwa dakika mbili hivi huanza kuharibika kwa wingi mkazo unapopita paskali 150. Kwa muda mfupi zaidi chembe hustahimili makubwa zaidi. Ndipo ikazaliwa ile fomula ambayo kila mtu wa fani hii anaikariri kama Fatiha: asilimia ya hemoglobini iliyovuja ni namba fulani, mara mkazo uliopandishwa kwa kipeo fulani, mara muda uliopandishwa kwa kipeo kingine. Giersiepen na wenzake mwaka 1990 walitoa namba 3.62 iliyogawanywa kwa 100,000, kipeo cha mkazo 2.416 na kipeo cha muda 0.785. Kutokana na vipimo vya Heuser na Opitz vya mwaka 1980 hupatikana 1.8 iliyogawanywa kwa milioni moja, kipeo cha mkazo 1.991 na cha muda 0.765. Ukizitazama juujuu unadhani ni ndugu wa baba mmoja.

Nilizipeleka zote mbili kwenye sindano yangu. Tundu la sindano ya geji 23 lina kipenyo cha milimita 0.34 hivi. Tuseme anayevuta amelivuta bomba la sindano kwa nguvu kiasi cha kupata mililita 0.3 kwa sekunde. Damu inakimbia kwa mita 3.4 kwa sekunde, mkazo ukutani unafika paskali 280, na kila chembe inakaa humo kwa sehemu 7 za elfu moja za sekunde, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Fomula ya Giersiepen ikaniambia kwamba asilimia 0.63 ya hemoglobini imevuja. Ile ya Heuser na Opitz ikaniambia asilimia 0.003. Tofauti ni mara 200. Kwa lugha ya maabara, ya kwanza inasema plazma itakuwa na gramu 1.6 za hemoglobini kwa lita, ambazo hata mlinzi wa getini angeziona kwa macho yake, kwa sababu wekundu huanza kuonekana kwenye gramu 0.3 hivi. Ya pili inasema plazma itabaki safi na jibu lipelekwe. Na nimetumia mkazo wa ukutani kwa damu yote, ambao ni ukali wa kupita kiasi.

Wala hata ile ya kwanza haikunieleza usiku ule. Ili potasiamu ipande kutoka 4.2 hadi 6.8 ilibidi chembe kama asilimia 3 zivunjike, si chini ya moja. Kuvuta peke yake hakukutosha. Kusukuma ndiko kulikobaki: kidole gumba kinaweza kutoa shinikizo mara kadhaa zaidi ya lile linalopatikana kwa kuvuta, kwa sababu anayevuta hawezi kupita shinikizo la hewa inayotuzunguka, ilhali anayesukuma hana kikomo ila misuli yake. Mkazo unapita paskali 1,000, mahali ambapo hakuna fomula kati ya hizo mbili iliyopimwa. Kisha damu inatoka kwenye ncha, inapiga ukuta wa kichupa, inajirudia, inazungukazunguka, inatoa povu. Utulivu umekwisha. Na hapo ndipo hesabu zenyewe zinapoanza kuteleza.

Baba yangu mdogo, ambaye sisi humwita Ami Bwana, alikuwa nahodha wa jahazi tangu enzi za kubeba boriti za mikoko, na nyumba yao iko Langoni, mjini Lamu, hatua chache kutoka ufukweni. Nilipokuwa nikihangaika na mada hii nilimweleza siku moja, tukiwa barazani, kwamba natafuta kujua ni maji ya namna gani yanayovunja kitu kilichomo ndani yake. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jua linatoka wapi.

"Mwanangu, wimbi kubwa halivunji chombo," alisema. "Ukiwa nje huko, kusi limekaza, wimbi linakuja refu kama kilima, chombo kinapanda, chombo kinashuka. Utatapika, lakini utafika. Linalovunja ni lile la pale mlangoni, kati ya Shela na Ras Kitau, maji yakiwa yanakupwa na kusi linayarudisha ndani. Wimbi fupi, la urefu wa chombo chenyewe. Hilo linashika omo huku na tezi kule, linavuta mbao."

Sidhani kama ningeweza kulisema vizuri zaidi. Osborne Reynolds, kule Manchester mwaka 1883, alipotia uzi wa rangi katika bomba la kioo na kuutazama ukienda umenyooka kisha ghafla ukitawanyika, alituonyesha kwamba maji yakizidi kasi huacha kwenda kwa matabaka na kuanza kuzunguka. Kolmogorov, mwaka 1941, akatueleza ukubwa wa mizunguko hiyo: mikubwa huzaa midogo, midogo huzaa midogo zaidi, nguvu ikirithishwa kutoka mmoja hadi mwingine, hadi ifikie mizunguko midogo kabisa ambayo mnato wa maji unaitafuna na kuigeuza joto. Kwa hiyo katika damu inayosukasuka kuna mawimbi marefu kama kilima na mawimbi mafupi ya mlangoni, kwa wakati mmoja, mahali pamoja.

Kwa miaka mingi wahandisi walipima yale marefu na kuyaita hatari. Kuna kiasi kinachoitwa mkazo wa Reynolds, kinachopatikana kwa kuchukua jinsi kasi inavyopandapanda na kushukashuka kuzunguka wastani wake na kuzidisha kwa uzito wa damu. Kina kipimo cha paskali, kinaandikwa kama mkazo, kinakaa kwenye mlinganyo mahali pa mkazo, na ni rahisi kukipima kwa miali ya leza. Sallam na Hwang mwaka 1984 walizipitisha chembe nyekundu kwenye mchirizi unaorushwa ndani ya kimiminika wakasema uharibifu huanzia paskali 400 za aina hiyo. Lu na wenzake mwaka 2001 wakairudia kazi hiyo kwa uangalifu zaidi wakapata 800. Namba hizo zilienea. Lakini mkazo wa Reynolds hauigusi ngozi ya chembe yoyote. Ni hesabu ya jinsi mwendo unavyohamishwa kutoka sehemu moja ya mtiririko hadi nyingine, kwa wastani, na sehemu kubwa yake inatoka kwenye mizunguko mikubwa inayoibeba chembe nzima kama kusi linavyolibeba jahazi. Kuichomeka namba hiyo ndani ya fomula iliyotengenezwa kwa mkazo wa mburuzo, jambo ambalo limefanywa katika maandiko mengi ya kitaalamu, ni sawa na kununua samaki kwa pishi kwa sababu tu pishi nalo ni kipimo.

Nipige hesabu moja ili jambo hili lisibaki hewani. Chukua damu inayosukasuka kwa kasi ya mita 0.6 kwa sekunde juu na chini ya wastani, ndani ya mizunguko mikubwa ya upana wa milimita 1, hali ambayo si ya ajabu karibu na vali. Mkazo wa Reynolds unatoka paskali 380. Mtu mwenye jedwali mkononi angeshtuka. Sasa uliza kiasi cha nguvu inayotafunwa na mnato, na kutoka hapo utafute mburuzo halisi uliomo ndani ya mizunguko midogo kabisa: unapata paskali 28. Mizunguko hiyo ina upana wa maikromita 20, nayo huishi kwa sehemu ya kumi ya elfu moja ya sekunde. Kati ya 380 na 28 pana tofauti ya zaidi ya mara 13, na kwa kuwa mkazo unapandishwa kwa kipeo cha 2 na kitu, utabiri unakosewa kwa mamia.

Hapa Ami Bwana angecheka na kusema basi damu haivunjiki. Lakini inavunjika. Kameneva na wenzake mwaka 2004 waliipitisha damu kwenye bomba nyembamba kwa mkazo uleule wa ukutani, mara kwa mtiririko mtulivu na mara kwa wenye msukosuko, na ule wa msukosuko ukaharibu zaidi. Kwa hiyo wastani wa mkazo wa Reynolds unatia chumvi, na wastani wa mkazo wa mnato unapunguza mno. Nadhani tatizo liko kwenye neno wastani. Nguvu katika msukosuko haitafunwi sawasawa kila mahali. Inatafunwa kwa vipande vikali, vya muda mfupi, hapa na pale, na chembe haivunjwi na wastani wa safari yake. Nahodha hazamishwi na wastani wa bahari.

Na kuna jambo jingine ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maikromita 20 ni upana wa chembe mbili na nusu tu zikilazwa moja kando ya nyingine. Ukichukua mchemraba wa upana huo wa damu ya mtu mzima mwenye afya, ambayo karibu nusu yake ni chembe, utakuta humo chembe kama 40. Sasa, mzunguko mdogo kabisa wa Kolmogorov ni mzunguko wa kitu gani? Kanuni zake zinadhani maji ni maji, hayana punje. Humo kwenye mchemraba wetu hakuna nafasi ya maji kuzunguka. Kuna chembe 40 zilizobanana kama mashua zinazogombea kona moja siku ya mashindano ya Maulidi, kila moja ikisugua ubavu wa mwenzake. Antiga na Steinman waliliuliza hili waziwazi mwaka 2009, wakapendekeza kwamba kinachoziumiza chembe ni kusuguana na kugongana zenyewe kwa zenyewe kupitia utando mwembamba wa plazma ulio kati yao, na si mzunguko wa maji safi ambao haupo. Mimi naona wana haki. Mfano wa Ami ni sahihi kwa jahazi moja. Damu ni bandari nzima.

Muda nao unahesabika kwa namna ambayo fomula ya vipeo haiijui. Chembe iliyovutwa ikaachwa huhitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde kurudi katika umbo lake. Pigo la msukosuko linaloishi sehemu ya kumi ya elfu moja ya sekunde linaisha kabla chembe haijawahi kujinyoosha. Lakini mapigo kumi mfululizo yanaikuta bado haijapumzika kutokana na la kwanza. Arora, Behr na Pasquali mwaka 2004 waliacha kuuliza mkazo ni kiasi gani, wakaanza kuifuatilia chembe yenyewe kama tone linalovutwa na kulegea, na kuuliza imetanuka kiasi gani kila wakati. Hiyo ni njia ya kiungwana zaidi, ijapokuwa ni nzito kwa kompyuta na bado inahitaji kujua mtiririko wenyewe kwa undani. Na mtiririko wenyewe haujulikani kirahisi hivyo. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliwapa wataalamu bomba moja jepesi lenye shingo ya milimita 4, bila chembe, bila pampu, ikawaambia watabiri kasi tu. Majibu 28 yalirudishwa, na pale mchirizi unapovunjika na kuwa msukosuko, wengi walipakosa. Kama kasi ya maji kwenye bomba lililonyooka inawagawa hivyo, anayeniambia kwamba pampu yake itavunja asilimia 0.01 na si 0.02 namsikiliza kwa adabu tu.

Nisidhaniwe nazidharau fomula hizo. Ukiwa na michoro miwili ya pampu na unataka kujua ipi itakayoitunza damu, zinaweza kukupangia vizuri, kwa sababu kosa lao linazifuata zote mbili. Zinapoulizwa idadi ndipo zinaposema uongo. Tena huulizwa juu ya damu isiyokuwapo: vipimo vingi vinafanywa kwa damu ya ng'ombe au nguruwe, au ya wachangiaji wenye afya njema. Hapa pwani ninakutana kila wiki na damu ya mtoto mwenye selimundu, ambayo chembe zake ni ngumu na hazipindi kwa wepesi, na damu ya akiba iliyokaa kwenye jokofu wiki nne. Fomula haina mahali pa kuandika hayo.

Maabarani siku hizi nina vijana watatu. Siwafundishi Kolmogorov. Ninawaonyesha jinsi ya kung'oa sindano kwenye bomba kabla ya kuijaza chupa, kufungua kifuniko, kuinamisha chupa na kuiacha damu iteremke taratibu kando ya ukuta wake. Mdomo wa bomba lisilo na sindano una upana wa milimita 2 hivi, na kwa kuwa mkazo hupungua kwa kipeo cha tatu cha upana, damu ileile kwa mwendo uleule inaburuzwa mara 200 pungufu kuliko kwenye tundu la geji 23. Kwa kiasi hicho nilizijaribu fomula zote mbili nilizonazo, na kwa mara ya kwanza zote zilisema plazma itatoka ya manjano.